IEP ni kitu gani? Elimu maalumu Marekani kwa mzazi anayezungumza Kiswahili

Tangu Machi 2025, Rais Donald Trump aliposaini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu ya Marekani, uvumi haujaisha kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia zetu: eti IEP, zile hati za mpango wa kumfundisha mtoto mwenye ulemavu, zimefutwa, eti mtoto mwenye mahitaji maalumu sasa ni mzigo wa mzazi wake peke yake. Na hakosekani wa kujibu kwamba afadhali zifutwe, maana kazi yake ilikuwa kuwapeleka watoto wetu kwenye darasa la wajinga. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanawagharimu watoto.

Tuanze na hilo la kufutwa. Haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule ya umma haikutoka wizarani. Imo katika sheria ya Bunge la Congress kuhusu elimu ya wenye ulemavu, maarufu kwa kifupi chake, IDEA. Rais Gerald Ford aliisaini Novemba 1975 ikiwa na jina jingine, ikapewa jina la sasa mwaka 1990, ikafanyiwa marekebisho makubwa 2004. Kazi ya wizara ni kugawa fedha na kusimamia. Rais anaweza kupunguza wasimamizi, na hilo lina madhara, kwa sababu wilaya ya shule iliyo korofi ikijua hakuna anayeikagua huanza kulegea. Lakini sheria iliyotungwa na Bunge hufutwa na Bunge. Mpaka sasa halijafanya hivyo.

Kabla ya sheria hiyo hali ilikuwa mbaya kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1970 shule za Marekani zilikuwa zinamsomesha mtoto mmoja tu kati ya kila watano wenye ulemavu, na majimbo kadhaa yalikuwa na sheria za kuwakataa waziwazi watoto viziwi, wasioona au wenye ulemavu wa akili. Ni wazazi waliokwenda mahakamani, Pennsylvania na Washington, D.C., waliofungua mlango. Katika kesi ya Washington ya mwaka 1972, wilaya ilijitetea kwamba haina pesa. Jaji akasema upungufu wa pesa hauwezi kubebeshwa watoto wenye ulemavu kuliko wengine. Kauli hiyo ikumbuke, itakuja kukufaa.

Sasa maneno yenyewe. Wilaya ya shule ni chombo kinachoendesha shule za umma za eneo fulani. Zipo takriban 13,000 nchi nzima, nyingi zikiwa na bodi inayochaguliwa na wananchi na sehemu ya kodi ya nyumba kama chanzo cha mapato. Hiyo wilaya ndiyo unayoidai. Mwalimu wa darasa akikwambia "sisi hapa hatuna huduma hiyo", anasema kweli kuhusu jengo lake, lakini deni ni la wilaya.

Elimu maalumu ni ufundishaji uliobadilishwa ili umfae mtoto mmoja mahususi, bila malipo, kuanzia miaka 3 hadi 21. Aliye chini ya miaka 3 ana mpango wake mwingine, ambao mara nyingi humfuata nyumbani. Na IEP ni hati inayoeleza mtoto huyo yuko wapi kimasomo, anapelekwa wapi ndani ya mwaka mmoja, nani atamfundisha, dakika ngapi kwa wiki, na mahali gani. Katika mwaka wa masomo 2022–23 wanafunzi wapatao milioni 7.5 walikuwa wakihudumiwa chini ya IDEA, karibu asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma. Ni watu wengi mno kuwa siri ya aibu ya familia moja.

Ili kupata IEP, mambo mawili lazima yakutane. La kwanza, mtoto awe na ulemavu unaoingia katika moja ya makundi 13 ya sheria: usonji, uziwi, ulemavu wa akili, matatizo ya kusema na lugha, na kadhalika. Kundi kubwa kuliko yote, karibu theluthi moja, ni la watoto ambao akili zao ni timamu kabisa ila kusoma, kuandika au hesabu kunawagomea. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, imo humo. La pili, ulemavu huo uwe unamfanya ahitaji kufundishwa kwa namna tofauti. Mtoto wa kiti cha magurudumu anayeshika masomo vizuri anaweza asihitaji IEP hata kidogo.

Huyo atafaa zaidi mpango wa 504, uliopewa jina la kifungu cha sheria nyingine ya mwaka 1973. Watu huuchanganya sana na IEP, kwa hiyo tuseme hivi: darasa la kawaida ni sare ya dukani, na watoto wengi inawaenea. Mpango wa 504 ni kupunguza pindo na kulegeza kiuno, sare ikabaki ileile: mtoto mwenye kisukari anaruhusiwa kupima sukari na kula darasani, mwenye ADHD, yaani shida ya kutulia na kumakinika, anakaa mbele na kuongezewa muda wa mtihani. IEP ni kumpeleka mtoto kwa fundi, apimwe na kukatiwa nguo yake. Kwa yule ambaye kila njia ya kawaida ya kumfundisha kusoma imeshindikana, kupunguza pindo hakusaidii kitu.

Kuna na huduma ya tatu, ESL, ya kujifunza Kiingereza. Si ya walemavu. Lakini mtoto anaweza kuwa na ESL na IEP kwa pamoja, na wilaya hairuhusiwi kumwambia mzazi achague moja.

Kiingereza au ulemavu?

Hapa ndipo familia zetu zinapoumia, na zinaumia pande zote mbili. Kuna mtoto mzima anayeonekana ana ulemavu kwa kuwa tu hajui Kiingereza. Na kuna mtoto mwenye ulemavu wa kweli anayeambiwa kila mwaka "tumsubiri, Kiingereza kitakuja", mpaka anafika darasa la sita hajui kusoma hata jina la mtaa wake.

Wasiwasi wa mzazi wa mtoto yule wa kwanza una historia. Mwaka 1970 huko California, watoto wa familia za Kimeksiko waliowekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili walileta kesi, kwa sababu mtihani wa akili walipewa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa Kihispania, karibu wote walionekana hawakustahili kuwa kwenye madarasa yale. Mwaka 1979, katika kesi nyingine ya jimbo hilohilo, mahakama iliamua kwamba mitihani hiyo iliwaonea watoto weusi. Kwa hiyo mama anayeogopa mwanawe mweusi, mgeni, asibandikwe jina, hajazua. Ni kutokana na visa kama hivyo ndiyo sheria ya leo inasema mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kukosa mafundisho mazuri ya kusoma na hesabu, na kwamba apimwe kwa lugha itakayoonyesha ukweli, isipokuwa pale inaposhindikana waziwazi.

Kwetu mara nyingi inakaribia kushindikana. Mitihani iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaozungumza Kiswahili ni adimu, na mtihani wa Kiingereza uliotafsiriwa papo hapo na mkalimani haupimi tena kitu kilekile. Isitoshe, fomu ya shule ikiandikwa "Swahili", mkaguzi anadhani mambo yameisha. Kumbe mtoto wa Kivu Kusini anaweza kuwa anaongea Kibembe au Kifuliiru na bibi yake, Kiswahili cha Congo na rafiki zake, halafu analetewa mkalimani wa Mombasa anayempa maneno nusu hayajui. Na huyo mtoto alisomaje? Waliokulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walifuata mtaala wa Congo, kwa Kifaransa. Wa Kakuma walifuata mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza. Wengine walikaa njiani miaka bila darasa lolote. Watoto watatu wa umri mmoja, wote "wakimbizi wa Congo" kwenye karatasi, wanatakiwa kusomwa kwa macho matatu tofauti.

Ndiyo maana katika tathmini ya mtoto wetu, silaha kubwa ni mzazi. Mwanasaikolojia wa shule anayeijua kazi yake atakuuliza: alipozaliwa alilia papo hapo? Alitembea akiwa na umri gani? Ukimtuma vitu viwili kwa mpigo, maji na kikombe, anarudi na vyote? Ukimlinganisha na ndugu zake walipokuwa na umri wake, je? Aliwahi kuugua malaria ikapanda kichwani, au kupata degedege? Swali hili la mwisho wazazi wengi hulikwepa, ama kwa aibu, ama kwa kuona ni mambo ya hospitali yasiyohusu shule. Lakini huenda hilo ndilo jambo ambalo mpimaji hawezi kulipata kokote isipokuwa kwako. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Kipimo cha awali kisicho cha kitaalamu ni hiki. Mtoto anayepiga hadithi nyumbani kwa lugha yenu mpaka wageni wanacheka, kisha shuleni anakuwa bubu, huenda shida yake ni Kiingereza au ugeni. Ambaye hata bibi yake hamwelewi, au anasahau leo alichofundishwa jana kwa lugha yoyote ile, huyo omba apimwe sasa. Sheria haina kipengele cha kusubiri miaka miwili kwanza.

Na hapa niseme juu ya ushauri mmoja mbovu ambao bado unatolewa na watu wenye nia njema: kwamba mkiacha Kiswahili nyumbani mtoto atapona kuchelewa kusema. Lugha mbili hazisababishi ulemavu wa lugha. Mwenye tatizo atakuwa nalo katika lugha zote, na mzazi akilazimika kuongea Kiingereza cha kubabaisha, mtoto anapoteza mtu pekee aliyekuwa akimpa sentensi nzima.

Barua, saini, siku 60

Wengi husubiri shule iseme yenyewe. Kisheria wilaya ina wajibu wa kuwatafuta watoto wenye ulemavu walio katika eneo lake, hilo ni kweli. Lakini muulize mzazi wa Texas. Kuanzia 2004 jimbo hilo lilikuwa na kiwango lililotaka wilaya zake zikikaribie, asilimia 8.5 tu ya wanafunzi katika elimu maalumu. Wilaya zikajifunza kutowaona watoto. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua mambo hayo 2016, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ikaamua kwamba jimbo lilivunja sheria. Miaka zaidi ya kumi, watoto wa kizazi kizima.

Kwa hiyo omba wewe, na omba kwa maandishi. Kumweleza mwalimu mlangoni wakati wa kumchukua mtoto ni mazungumzo, si ombi. Andika kwa lugha unayoiweza, hata mistari mitatu: jina la mtoto, darasa, ninaomba apimwe kwa ajili ya elimu maalumu kwa sababu hii na hii. Weka tarehe, bakiza nakala. Wilaya ikikubali, italeta fomu ya idhini; ikikataa, lazima ikuandikie sababu. Bila saini yako kwenye fomu hiyo hawaanzi, na saa ya sheria huanza kuhesabu siku wanapopokea idhini: siku 60 za kumaliza vipimo, isipokuwa jimbo lako limeweka muda wake (Texas, kwa mfano, ni siku 45 za shule). Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika IEP kinatakiwa kifanyike ndani ya siku 30.

Kikaoni utakuta watu watano, sita: mwalimu wa kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mtu wa wilaya mwenye mamlaka juu ya huduma, anayeweza kufafanua matokeo ya vipimo, pengine mtaalamu wa matamshi. Na wewe, ambaye kisheria u mjumbe wa timu, si mgeni mwalikwa. Unaweza kuja na yeyote anayemfahamu mtoto au anayeelewa mambo haya: shemeji, mchungaji, jirani. Mkalimani analetwa na kulipwa na shule. Asikubaliwe mtoto wako mkubwa kuifanya kazi hiyo, sembuse mhusika mwenyewe. Nimewahi kuona kijana akimtafsiria mama yake kikao kilichomhusu yeye. Mama alitoka anatabasamu, kijana naye vilevile.

Katika kurasa ishirini za IEP, ukichoka, soma malengo na dakika. Lengo bovu husomeka hivi: "Mwanafunzi ataboresha uwezo wake wa kusoma." Nani atabisha? Na nani atapima? Lengo zuri linasema: akipewa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, kufikia Mei atasoma maneno 70 sahihi kwa dakika moja, mara tatu kati ya nne, naye leo anasoma 31. Hapo Januari ukiuliza amefika wapi, kuna jibu. Kwenye dakika, "huduma ya matamshi kadiri inavyohitajika" ni ahadi hewa. "Dakika 30, mara mbili kwa wiki" unaweza kuidai. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mtoto mwenye usonji wa Colorado, iliamua kwa kauli moja kwamba IEP lazima ilenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, si kiasi kidogo tu cha kuonyesha kwamba kuna kitu kimefanyika. Lengo likirudiwa mwaka wa tatu mfululizo neno kwa neno, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kuhusu saini, tuwe makini. Ile ya mahudhurio inathibitisha ulikuwepo, basi. Idhini ya kuanza huduma ni fomu nyingine, na bila hiyo huduma hazianzi. Unaweza pia kuiondoa baadaye kwa maandishi. Lakini katika majimbo mengi, baada ya idhini hiyo ya kwanza, IEP za miaka inayofuata hazihitaji saini yako. Shule inakupa taarifa ya maandishi ya inachotaka kubadili, na ukinyamaza, inaendelea. Heshima tuliyolelewa nayo, ya kutombishia mwalimu, hapa inasomeka kama kukubali. Nyumbani ukimya wa mzazi mbele ya mwalimu ni adabu. Kwenye faili la wilaya hakuna pa kuandika adabu. Usiporidhika, sema unataka kikao kingine na nyaraka zitafsiriwe kwanza.

Yale yanayosemwa mitaani

Kwamba mtoto atafungiwa darasa la pembeni: sheria inataka akae na wenzake kadiri inavyomfaa, na karibu theluthi mbili ya wenye IEP hukaa darasa la kawaida kwa asilimia 80 au zaidi ya siku. Ya kwamba chuo kitamkataa: vyuo haviletewi IEP. Ila kama ni wa sekondari, uliza yuko kwenye njia ya diploma ya kawaida au cheti kingine, maana majimbo yanatofautiana, na jibu hilo usilipate wiki ya mahafali. Kwamba uhamiaji watajua: Mahakama ya Juu iliamua tangu 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa kukosa karatasi za uhamiaji, na IEP ni sehemu ya shule hiyo. Kwamba IEP inaleta hela: msaada wa SSI, yaani posho ya serikali kuu kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, unatoka ofisi nyingine yenye masharti yake ya ulemavu na kipato, IEP inaweza kuwa ushahidi, haiwi tiketi.

Moja linalosemwa kidogo kuliko inavyostahili ni la nidhamu. Shule ikitaka kumwondoa mtoto mwenye IEP kwa zaidi ya siku 10 mfululizo, lazima kwanza timu ikae na kuamua kama kosa lilitokana na ulemavu wake, au na shule kutotekeleza IEP yenyewe. Likitokana na hayo, kwa kawaida anarudi darasani, isipokuwa kwa makosa machache mazito kama silaha. Kama una kijana anayeitwa ofisini kila Ijumaa, hii aya isome mara mbili.

Na "hatuna pesa"? Congress iliahidi 1975 kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini. Haijawahi kuitimiza ahadi hiyo, na kwa miaka mingi haikufika hata nusu yake, na wilaya zinabana kweli, walimu wa elimu maalumu nao ni haba. Unaweza kuwahurumia. Lakini jibu la jaji wa 1972 halijabadilika: likiwa kwenye IEP, litatekelezwa, hata kama itabidi wilaya ikodi mtaalamu kutoka nje.

Mkishindwa kuelewana, kuna ngazi. Unaweza kudai mtoto apimwe upya na mtaalamu asiye wa wilaya, kwa gharama ya wilaya, na wilaya ikikataa ni juu yake kwenda kuthibitisha kwamba vipimo vyake vilitosha. Unaweza kuomba usuluhishi. Unaweza kupeleka malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, bila wakili wala ada, kuhusu jambo lililotokea ndani ya mwaka mmoja uliopita, na jimbo lina siku 60 kutoa uamuzi. Juu kabisa kuna shauri rasmi mbele ya msikilizaji huru, ambako wakili anasaidia sana. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kinacholipiwa na serikali kuu. Hakitozi, na pigia hicho kabla ya kumpigia wakili. Ukifungua shauri rasmi, mtoto anabaki na huduma alizokuwa nazo mpaka liamuliwe. Wilaya hairuhusiwi kuziondoa kwa sababu mzazi amelalamika.